Kujenga Gitaa la Umeme la Mtu Binafsi: Yasiyorekebishika Yatangulie

Gitaa la umeme ni ala ya nyuzi ambayo sauti yake haitegemei uwazi wa sanduku la mbao, kwa kuwa uzi wa chuma unapotetemeka juu ya pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba, mtetemo huo huzaa mkondo mdogo wa umeme ambao amplifaya huukuza na kuupeleka kwenye spika. Kwa sababu kazi ya kukuza sauti imeondolewa kwenye mbao na kukabidhiwa umeme, kiwiliwili cha gitaa hili kinaweza kuwa ubao mzito usio na uwazi wowote zaidi ya vishimo vya vifaa, na fundi aliyezoea kutengeneza milango na meza huwa tayari anazo stadi nyingi zinazohitajika. Makala haya yanamlenga mpiga gitaa anayetaka kujijengea chombo chake, na hoja yake kuu ni kwamba maamuzi yote ya kazi hii yagawanywe katika mafungu mawili: yale ambayo yakishafanyika hayafutiki, ambayo ni urefu wa uzi, ukavu wa mbao, mwelekeo wa shingo na mahali pa daraja, na yale yanayoweza kubadilishwa jioni moja kwa bisibisi na pasi ya kulehemu, ambayo ni pikapu, swichi na vikazio vya nyuzi. Wajenzi wengi wa mara ya kwanza huanza na fungu la pili kwa sababu ndilo linalopendeza macho, wakatumia fedha zao kwenye pikapu za gharama, kisha wakazifunga kwenye gitaa ambalo noti zake hazikubaliani.

Muundo unaomfaa zaidi mjenzi wa mara ya kwanza ni ule ulioasisiwa na Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Mwaka 1950 kampuni yake ilianza kuuza gitaa lenye kiwiliwili cha ubao mzima ambalo baada ya kubadilishwa jina lilijulikana kuanzia mwaka 1951 kama Telecaster, na mwaka 1954 likafuatiwa na Stratocaster. Jambo kubwa katika magitaa hayo lilikuwa uamuzi wa kuifunga shingo kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne badala ya kuigundisha, na kuvipanga vifaa vya umeme kwenye bamba linaloweza kufunguliwa, kama fundi wa redio alivyozoea kuifungua redio iliyoharibika. Gitaa la Les Paul, ambalo kampuni ya Gibson ililitoa mwaka 1952, lilifuata njia ya zamani ya shingo iliyogundishwa, na ingawa ni chombo cha thamani kubwa, kosa la nusu digrii katika pembe ya shingo yake haliondoki ila kwa kuifumua gundi kwa joto na mvuke. Shingo ya skrubu ikikosewa pembe hufunguliwa, hutiwa kipande chembamba cha mbao chini yake, na kufungwa tena. Kwa sababu hiyo hiyo magitaa ya Fender yamekuwa yakichanganywa vipande tangu zamani: Stratocaster nyeusi ya mpiga gitaa Eric Clapton, iliyouzwa mnadani mwaka 2004 kwa dola za Marekani 959,500, ilikuwa mkusanyo wa sehemu bora za Stratocaster tatu tofauti.

Kuna njia mbili za kulipata gitaa la binafsi, na historia ya ala hii ina mfano mashuhuri wa kila njia. Brian May, aliyekuja kujulikana na bendi ya Queen, alianza mwaka 1963 akiwa bado kijana kujenga gitaa lake pamoja na baba yake, Harold, kwa vitu vilivyopatikana nyumbani: shingo ilichongwa kutoka kwenye mahogani ya fremu ya zamani ya mekoni, springi za daraja linalotikisika zilikuwa za vali za pikipiki, na alama za ubao wa vidole zilitokana na vifungo vya lulumizi. Pikapu alizinunua dukani, lakini kila pikapu ilipewa swichi mbili, moja ya kuiwasha na kuizima, nyingine ya kugeuza mwelekeo wa mkondo wake, hata sauti zilizopatikana kwa kuzichanganya zikawa hazipatikani kwenye magitaa mengi ya kiwandani. Mpiga gitaa Eddie Van Halen, kwa upande wake, katika miaka ya 1970 alinunua kiwiliwili chenye kasoro kwa dola 50 na shingo kwa dola 80, akatia pikapu iliyotolewa kwenye gitaa la Gibson, akaunganisha na kupaka rangi mwenyewe. May alijenga karibu kila kitu kwa sababu hakuwa na fedha za kununua gitaa alilolitaka; Van Halen aliunganisha vipande kwa sababu hakuna gitaa lililouzwa lililokuwa na shingo na pikapu alizozitaka kwa pamoja. Katika visa vyote viwili mjenzi alijua kabla ya kushika msumeno ni kitu gani alichokikosa kwenye magitaa ya dukani, na mtu asiyeweza kukieleza kitu hicho kwa sentensi moja ni vema aendelee kupiga gitaa alilonalo mpaka aweze.

Uamuzi wa kwanza ni urefu wa uzi, yaani umbali kutoka kwenye kizingiti, kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita kilichopo mwisho wa ubao wa vidole karibu na kichwa cha gitaa, hadi kwenye daraja, ambalo ni kifaa cha chuma kinachozishika nyuzi juu ya kiwiliwili. Fender hutumia milimita 648, na Gibson takriban milimita 628. Tofauti ya sentimita mbili huonekana ndogo, lakini kwa kuwa mvuto unaohitajika kufikia noti ileile hukua kwa mraba wa urefu, nyuzi za unene uleule huwa ngumu kwa takriban asilimia 6 zaidi kwenye gitaa la milimita 648, jambo ambalo mpiga rithim hulipenda kwa sababu noti hukatika safi, na mpiga solo mwenye kupinda nyuzi hulilalamikia. Urefu ukishachaguliwa, nafasi za freti, yaani vipande vya chuma vinavyogawa ubao wa vidole, hazichaguliwi tena, kwa kuwa hukokotolewa: umbali uliobaki hadi daraja hugawanywa kwa 17.817, na jibu ndilo umbali wa freti inayofuata. Kwa uzi wa milimita 648, freti ya kwanza hukaa milimita 36.37 kutoka kizingiti, ya pili milimita 34.33 mbele ya hiyo, na kadhalika, hadi freti ya 12 ambayo ni lazima iangukie katikati kabisa, kwenye milimita 324. Vipimo vyote vipigwe kutoka kizingiti, kamwe visipigwe kutoka freti moja hadi nyingine, kwa sababu kosa la sehemu ndogo ya milimita likirudiwa mara ishirini huwa noti iliyopotoka.

Kutokana na ugumu huo, ushauri ulio salama kwa mjenzi wa kwanza ni kununua shingo iliyokamilika, au kuitoa kwenye gitaa la mtumba ambalo kiwiliwili chake kimeharibika, na kujenga yaliyobaki. Shingo ndiyo sehemu ambayo mkono wa mpigaji unaigusa kila sekunde ya wimbo, na ndiyo iliyo ngumu kuitengeneza vizuri kwa zana za karakana ya mtaani. Anapoichagua, mnunuzi aitazame kwa jicho moja kuanzia upande wa kichwa, akizilinganisha kingo zake mbili kama seremala anavyokagua ubao, ili aone kama imejipinda kama parafujo, kasoro ambayo ni vigumu sana kuiondoa. Mpindo wa kawaida wa kuelekea mbele au nyuma si kikwazo, mradi fimbo ya chuma iliyozikwa ndani ya shingo, ambayo kazi yake ni kushindana na mvuto wa nyuzi, bado inakaza na kulegea. Mwenye gitaa la mtumba aijaribu fimbo hiyo kabla ya kulipa. Upana kwenye kizingiti, ambao aghalabu ni milimita 42 au 43, na unene wa mgongo wa shingo, ni mambo ya mkono wa mtu, na hapa mjenzi ayaamini mazoea yake kuliko maneno ya wengine.

Kuhusu mbao, yamesemwa mengi kupita kiasi. Katika gitaa la kiwiliwili kizima, aina ya pikapu, umbali wake kutoka kwenye nyuzi, unene wa nyuzi zenyewe na amplifaya hubadilisha sauti kwa kiasi ambacho sikio lolote husikia, ilhali tofauti kati ya mti mmoja na mwingine ni ndogo na hufunikwa na hayo yote. Mbao zichaguliwe kwa uzito, ukavu na utulivu. Kiwiliwili cha umbo la Telecaster chenye unene wa milimita 45 kina ujazo wa karibu lita nne na nusu, kwa hiyo mti wenye uzito wa kilo 600 kwa mita ya ujazo utatoa kiwiliwili cha kilo 2.7 kabla ya kutobolewa vishimo, kiasi kinachobebeka begani kwa onyesho la usiku kucha. Mninga unakaribia kiwango hicho na una sifa ya kutosinyaa sana unapokauka. Mkangazi, ndugu wa Kiafrika wa mahogani, huwa mwepesi zaidi na huchongeka kwa urahisi. Mvule unafaa pia, ingawa vumbi lake huwasha pua na koo. Mpingo, ambao viwanda vya Ulaya hutengenezea klarineti na zumari za obo, una uzito wa kilo 1,200 au zaidi kwa mita ya ujazo, hivyo kiwiliwili chake kingezidi kilo tano. Mahali pake ni kwenye ubao wa vidole, ambako ugumu wake huzuia nyuzi kuchimba vijia. Anayeutumia aufute kwa spiriti au asetoni kabla ya kutia gundi, kwa kuwa una mafuta yanayoikataa gundi, na avae barakoa, kwa kuwa vumbi la miti ya jamii yake huweza kuamsha mzio wa ngozi na mapafu. Karibu jamii hiyo yote, Dalbergia, imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017. Ala zilizokamilika zililegezewa masharti mwaka 2019, lakini mbao zenyewe zinapovuka mpaka bado zinahitaji vibali, na hata ndani ya nchi ni wajibu wa mnunuzi kudai hati ya uhalali wa mzigo.

Ukavu ni jambo la kuvumilia. Ubao ulionunuliwa sokoni, hata ukiwa umekaa kwa muda mrefu, aghalabu bado una maji, na ubao unaoendelea kukauka baada ya kuchongwa hubadili umbo la tundu la shingo na kulipinda daraja. Njia rahisi ya kuupima bila kifaa maalumu ni kuukata kwa ukubwa unaozidi kidogo ule unaohitajika, kuupaka rangi au nta kwenye ncha zake mbili, kuuweka ndani ya chumba kwenye vipande vya mbao ili hewa ipite pande zote, na kuupima kwenye mizani mara moja kwa wiki. Uzito utashuka wiki baada ya wiki, na utakapokoma kushuka ubao utakuwa umekubaliana na hewa ya mahali hapo. Gitaa litakalopigwa Mombasa au Dar es Salaam likaushwe katika hewa ya pwani, na la Dodoma katika hewa ya Dodoma, kwa sababu mbao zilizotulia kwenye ukavu wa bara zikipelekwa pwani huvimba tena.

Kazi inayostahili muda kuliko nyingine zote ni kuulinganisha mstari wa katikati. Mstari mmoja mwembamba wa penseli uchorwe juu ya kiwiliwili kwa urefu wake wote, na kila kitu, yaani tundu la shingo, pikapu na daraja, kipimwe kutokana nao. Tundu la shingo, ambalo kwa muundo wa Fender huwa na kina cha karibu milimita 16, lichimbwe kwa mashine ya ruta ikiongozwa na kigezo cha plaiwudi kilichokatwa kwa kuizungushia shingo yenyewe, si kwa vipimo vya kitabuni, kwa kuwa shingo za viwanda mbalimbali hutofautiana. Likiwa sahihi, shingo itakaa tunduni kwa kubanwa na kuta zake, na kiwiliwili kikiinuliwa kwa kushikwa shingo hakitaanguka hata kabla ya skrubu kutiwa. Daraja lisitobolewe sasa. Kwanza nyuzi mbili za mshonaji zifungwe kwenye mifereji ya kwanza na ya sita ya kizingiti na kuvutwa hadi kwenye daraja lililolazwa tu juu ya ubao, kisha daraja lisogezwe kushoto na kulia mpaka nyuzi hizo ziwe na umbali sawa kutoka kwenye kingo mbili za ubao wa vidole, kuanzia freti ya kwanza hadi ya mwisho. Ukingo mmoja ukionekana kukaribiwa zaidi kwenye freti za juu, shingo imekaa upande, na dawa ni kuukwangua ukuta mmoja wa tundu kwa patasi kali, kidogo kidogo. Urefu nao hupimwa wakati huohuo: kigari cha uzi wa kwanza, yaani kile kipande kidogo cha daraja kinachosogea mbele na nyuma, kisogezwe karibu na mwisho wa mbele wa safari yake, kisha kilele chake kiwekwe milimita 648 kutoka kizingiti, ili vigari vingine vyote viwe na nafasi ya kurudi nyuma, kwa kuwa nyuzi nene huhitaji urefu wa ziada kidogo. Ndipo matundu ya daraja yatobolewe.

Skrubu za shingo nazo zina siri yake ndogo. Matundu yanayopita kwenye kiwiliwili yawe mapana kiasi cha kuziacha skrubu zipite bila kung'ata, na zing'ate kwenye shingo peke yake. Zikiuma sehemu zote mbili, nafasi nyembamba iliyobaki kati ya shingo na kiwiliwili haitafungika kamwe hata skrubu zikikazwa kwa nguvu zote. Meno ya skrubu yapakwe nta ya mshumaa kabla ya kuingizwa kwenye mbao ngumu, vinginevyo vichwa hukatika.

Rangi ingoje. Gitaa lote liunganishwe likiwa ubao mtupu, litiwe nyuzi, lipigwe kwa siku kadhaa, na kila kasoro ya tundu, daraja na pembe irekebishwe, ndipo lifumuliwe na kupelekwa kwenye rangi. Anayepaka kabla ya kuunganisha hulazimika kuchimba upya kwenye uso uliokwisha kung'arishwa. Vanishi ya polyurethane hustahimili jasho na unyevu, mafuta ya kitani huacha mguso wa mbao na hurudiwa kwa urahisi yakichakaa, na chaguo kati yake ni la mwenyewe. Tundu la shingo lizibwe kwa karatasi ya gundi wakati wa kupaka, kwa sababu matabaka matatu ya rangi kwenye kuta zake yanatosha kuizuia shingo iliyokuwa ikiingia vizuri.

Freti zinahitaji kusawazishwa hata kwenye shingo mpya, kwa kuwa freti moja iliyoinuka kuliko jirani zake huufanya uzi ulie kama nyuki kila unapobanwa kabla yake. Shingo hunyooshwa kwanza kwa fimbo yake ya ndani mpaka rula ya chuma iguse freti zote, kisha kilele cha kila freti hupakwa wino wa kalamu nene, na kipande cha aluminiamu kilichonyooka, kilichogundishwa msasa namba 400, hupitishwa polepole kwa urefu wa shingo bila kukandamizwa. Baada ya mipito michache wino utakuwa umefutika kwenye freti zilizo juu na kubaki kwenye zilizo chini, na kazi huendelea mpaka kila freti iwe na mstari mwembamba unaong'aa. Mstari huo ukizidi upana wa milimita moja, freti irudishiwe mviringo wake kwa tupa ndogo, kisha ing'arishwe kwa misasa laini zaidi hadi namba 2000, kwa kuwa kilele bapa huifanya noti isijue ianzie wapi. Hakuna fedha inayonunua tofauti kubwa katika mguso wa gitaa kuliko saa hizi chache za msasa.

Sehemu ya umeme ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa, na kwa kuwa yote yake hubadilishika, mjenzi hana sababu ya kuanza na vifaa vya gharama. Pikapu ya koili moja hutoa sauti kali na ya wazi, lakini koili hiyo pia hunasa mngurumo wa nyaya za umeme wa nyumbani, ambao Afrika Mashariki una mzunguko wa Hz 50. Pikapu ya koili mbili, ambayo wanamuziki huiita hambaka, ilibuniwa na Seth Lover wa Gibson katikati ya miaka ya 1950 kwa lengo la kuuondoa mngurumo huo: koili mbili, zenye ncha za sumaku zilizopingana, zimeunganishwa kwa mielekeo iliyopingana, hivyo mngurumo unaoingia kotekote hujifuta wakati sauti ya nyuzi hujumlika, na sauti inayotoka huwa nzito zaidi. Koili moja kwa kawaida huunganishwa na potenshometa ya kilo-omu 250, yaani kipingamkondo kinachobadilika kadiri mhimili wake unavyozungushwa, na hambaka na ya kilo-omu 500. Thamani ndogo hupunguza ukali, na kwa hiyo anayeona hambaka yake inachoma masikio hahitaji pikapu mpya, atie potenshometa ya 250 asikilize. Kapasita ya toni, ya mikrofaradi 0.022 au 0.047, ndiyo inayopeleka sauti za juu ardhini, na hubadilishwa kwa gharama ndogo sana. Pikapu inayopiga kelele sauti ikiwa kubwa mara nyingi ina waya uliolegea, na huponywa kwa kuzamishwa kwenye nta iliyoyeyushwa, kama Van Halen alivyofanya. Nta hiyo iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, kamwe isiyeyushwe juu ya moto wenyewe, kwa kuwa hushika moto, na joto likizidi kiasi cha nyuzi joto 65 za Selsiasi hivi sehemu za plastiki huanza kuharibika.

Vishimo vyote vya vifaa vifunikwe ndani kwa karatasi ya shaba, vipande vyake viunganishwe kwa lehemu, na tabaka hilo liunganishwe na waya wa ardhi pamoja na daraja. Waya wa daraja ndio unaozifanya nyuzi, na kupitia kwake mwili wa mpigaji, ziwe sehemu ya ardhi ya amplifaya, na dalili kwamba umeunganishwa vizuri ni mngurumo kupungua mara mkono unapogusa nyuzi. Lakini ufumbuzi huo hubeba hatari: pale plagi ya amplifaya au ya mikrofoni isipokuwa na ardhi ya kweli, mpigaji mwenye mkono kwenye nyuzi na mdomo kwenye mikrofoni huwa njia ya umeme. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, mwaka 1972 alipogusa mikrofoni isiyokuwa na ardhi. Katika baadhi ya kumbi za Afrika Mashariki plagi za pini tatu huchomekwa kwenye soketi ambayo waya wake wa ardhi haukufungwa popote, na kwa sababu hiyo mwenye gitaa la kujijengea aikague soketi kwa kifaa cha kupimia kabla ya kuwasha vyombo, bila kuona haya mbele ya wenzake wa bendi.

Baada ya gitaa kutulia, ndipo swali la kulifanya liwe la mtu fulani linapopata jibu la kweli, na jibu hilo hutoka kwenye kazi anayoifanya ndani ya bendi. Bendi za dansi za Tanzania hugawa magitaa kuwa solo, solo ya pili, rithim na besi, na wapiga rumba wa Kongo wana gitaa lililo kati ya solo na rithim, linaloitwa mi-composé, ambalo hupatikana kwa badiliko moja: uzi wa nne, ulio mnene na wa kusokotwa, huondolewa, na mahali pake hutiwa uzi mwembamba wa kwanza uliotuniwa noti ileile ya re, oktavu moja juu. Hertz 147 huwa takriban 294, ambayo ni toni moja tu chini ya uzi wa kwanza, na vidole vilivyozoea mpangilio wa kawaida huanza kutoa mifumo inayopishana kwa namna ambayo gitaa la kawaida haliiwezi. Anayejenga gitaa kwa mtindo huo aujue mapema, kwa sababu unagusa vifaa vitatu. Mfereji wa nne wa kizingiti, uliochongwa kwa uzi wa karibu milimita 0.7, huuacha uzi wa milimita 0.25 ukicheza na kulala chini mno, kwa hiyo kizingiti cha pili kichongwe na kuhifadhiwa kwa ajili ya mi-composé pekee. Kigari cha uzi wa nne huhitaji kusogezwa mbele, kwa kuwa uzi mwembamba hauhitaji urefu wa ziada kama ule mnene. Na hapo ndipo daraja la Telecaster la mtindo wa zamani linaposhindwa, kwa kuwa lina vigari vitatu tu, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili, na kigari cha uzi wa nne ndicho kilichoubeba wa tatu. Mpiga mi-composé anunue daraja la vigari sita.

Marekebisho ya mwisho yana mpangilio ambao ukipinduliwa huifanya kazi irudiwe. Nyuzi mpya, za unene uleule utakaotumika siku zote, hutiwa na kutuniwa. Kisha fimbo ya shingo hurekebishwa, robo ya mzunguko kwa wakati, mpaka uzi wa sita ukibanwa kwa pamoja kwenye freti ya kwanza na ya mwisho ubaki na nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3 juu ya freti ya 7. Hufuata mifereji ya kizingiti, ambayo huteremshwa kwa tupa nyembamba hadi noti za freti ya kwanza zisitoe sauti ya juu kupita kiasi zinapobanwa, kwa uangalifu mwingi kwa kuwa mfereji uliozidi haurudi. Kisha kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12 hupangwa, kati ya milimita 1.6 na 2 kwa wengi, na zaidi ya hapo kwa wapiga rithim wenye mkono mzito. Baada ya hapo kila uzi hupimwa kwa programu ya simu ya kutuni: noti ya uzi uliobanwa kwenye freti ya 12 hulinganishwa na ile inayotoka uzi unapoguswa kwa kidole tu juu ya freti hiyohiyo, iliyobanwa ikiwa juu zaidi kigari hurudishwa nyuma, ikiwa chini husogezwa mbele. Pikapu huja mwisho, zikiachwa milimita mbili au tatu chini ya nyuzi zilizobanwa kwenye freti ya mwisho, kwa sababu sumaku ya koili moja ikikaribia mno huvuta uzi wenyewe na kuifanya noti iyumbe hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Vipimo hivi vyote viandikwe, pamoja na unene wa nyuzi na tarehe, kwenye karatasi inayowekwa ndani ya bamba la vifaa vya umeme, na shingo ipimwe tena baada ya wiki kadhaa na kila misimu ya mvua na kiangazi inapobadilishana, kwa kuwa mbao zilizofungwa nyuzi kwa mara ya kwanza huchukua muda kabla ya kuukubali mvuto wake.